Wifi Yangu Aliyejifanya Kiziwi

Bwana asifiwe!

Ngojeni, msiitikie kwanza. Nimeona wengine mmefungua vinywa hata kabla sijamaliza. Nisikilizeni vizuri: Bwana a-si-fi-we. Mmeisikia hiyo "si" ya katikati? Basi hiyo "si", ndugu zangu, ilinipotea, nikaitafuta kama mtu anayetafuta mbuzi aliyekata kamba. Leo ninayo. Haya, sasa itikieni.

Amina. Mungu awabariki.

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama wenzangu, na ninyi wageni wetu wa Nyakakika na Nyakahanga, poleni na safari. Watu wa hapa Ihembe wananijua, nyumbani nasema Kinyambo. Leo nitajikaza kwa Kiswahili ili kila mmoja apate. Mkiona nimekwama katikati ya neno, msinisaidie. Niacheni nitoke mwenyewe.

Kabla ya kuugua mimi nilikuwa msemaji. Si msemaji wa mikutano, hapana, msemaji tu. Nikiwa kwenye migomba yangu nikimwita mtoto, watoto wa majirani nao walikuja wakidhani wameitwa. Wakati wa kuchuma kahawa wanawake waligombania mti ulio karibu na wangu, maana kwangu habari hazikuisha. Na nilikuwa na wifi, dada mkubwa wa mume wangu. Alifiwa na mumewe, akarudi kukaa kwa baba yake, nyumba yake iko upande wa pili wa shamba letu. Huyu wifi yangu ni mtu wa maneno machache. Mimi nikimimina maneno, yeye ananitazama, halafu anasema neno moja: "Pumua." Basi. Mimi nimemweleza habari ya soko zima, jibu ni "Pumua." Mnaweza kujua wenyewe kama tulipatana.

Hamkupatana, mnasema? Mmejibu vizuri.

Sasa nikaona kidonda ubavuni mwa ulimi, kidogo kama punje ya ulezi. Nikadhani nimejing'ata. Nikasukutua maji ya chumvi. Nikapaka asali. Mama mmoja akaniletea majani, nikayatafuna, machungu sijapata kuona. Kidonda hakikusikia. Kikawa kigumu. Kwanza nikashindwa kutafuna punje za kahawa, hizi kavu tunazokaribishia wageni. Mgeni akija nampa kibakuli cha kahawa, yeye anatafuna, mimi namtazama. Baadaye nikaacha kiko. Ndiyo, nilikuwa navuta kiko, mchungaji anajua, msigeuzane shingo. Mwisho hata ndizi za moto nikawa nangoja zipoe kabisa, nameza upande mmoja kama kuku anayekunywa maji.

Mume wangu akanipeleka kwa daktari wa misheni. Daktari akashika ulimi kwa kitambaa, akautazama, akanipapasa chini ya taya. Kisha akasema, "Mama, hiki si kidonda cha kupaka dawa. Ni saratani. Inabidi kukatwa, na mimi hapa sina vyombo vya kazi hiyo. Utakwenda hospitali kubwa ng'ambo ya ziwa."

Mume wangu akauliza, "Kukatwa nini, Bwana Daktari?"

"Sehemu ya ulimi."

"Na atasema?"

Daktari akanitazama mimi, si yeye. "Utaishi, nikiwahi kukutuma. Kusema, tutaona."

Ndugu zangu, nawaambia kweli, njia nzima ya kurudi nilisema. Nilisema juu ya mawe ya njiani, juu ya ng'ombe wa watu, juu ya mawingu. Mume wangu hakunizuia. Alikuwa anatembea mbele, anajifuta uso kwa mkono wa kanzu.

Likaja swali la nani atanisindikiza. Kahawa ilikuwa imeiva mitini, watoto wadogo, mama yangu mzazi alishatangulia. Tukiwa bado tunajadiliana, wifi yangu akasimama mlangoni, mkeka ameukunja kwapani, birika mkononi.

"Nitakwenda mimi," akasema.

Moyoni nikasema, Mungu wangu, hata ugonjwa hautoshi?

Tukapanda lori la kahawa mpaka Bukoba, tumekaa juu ya magunia, hatusemeshani. Tukapanda meli. Ziwa lilichafuka tukatapika wote wawili, na ndoo ilikuwa moja. Watu mkishatapika kwenye ndoo moja, mnaanza kuwa ndugu kidogo. Nasema kidogo.

Asubuhi ya kupasuliwa nilikaa kitandani nikamwambia wifi majina ya watoto wangu, mmoja mmoja, na jina la baba yangu, na la mama yangu, na majina ya vijiji kutoka kwetu mpaka Kyerwa alikozaliwa bibi yangu. Nilitaka kuyasema yote kwa ulimi mzima. Nikangoja aniambie "Pumua." Hakusema. Alinishika mguu juu ya blanketi, akaukamata hivyo mpaka walipokuja na kitanda cha magurudumu.

Nilipozinduka, mdomo ulikuwa kama umejazwa matambara. Nikataka kuomba maji, ikatoka "aaa." Nikajaribu tena, "aaa." Mate yalikuwa yananitoka kama mtoto anayeota meno. Maziwa walinipa kwa mpira puani, baadaye kwa kijiko. Nililia siku nyingi. Wifi alinifuta machozi na mate kwa kitambaa kimoja, hakuchagua.

Katika wodi ile kulikuwa na muuguzi mmoja tuliyemwita sista, binti wa upande wa Buganda, lugha yake na yetu zinasikilizana. Siku moja kidonda kilipoanza kukauka, akaja na kioo kidogo. Akasema, "Mama, jitazame ulimi."

Nikatikisa kichwa.

"Jitazame. Hapo mwalimu na mwanafunzi wako humo humo kinywani. Kilichobaki kitajifunza kazi ya kilichoondoka. Lakini hakitajifunza kwa kunyamaza."

Nikatazama. Akina mama, nilikuwa na ulimi nusu, upande umeliwa kama jani la mgomba lililopitiwa na mbuzi. Lakini ulikuwa unatikisika! Nikautikisa tena. Sista akacheka, na mimi nikacheka, nikaumia, nikacheka tena.

Basi shule ikaanza. Alinipaka asali pembeni mwa mdomo, upande huu, niifuate kwa ulimi; kisha upande ule. Alinipa mrija wa kufyonza maji, kama ule wa kunywea pombe ya ndizi, na wazee hapa mnaujua. Alinifanya nijaze mashavu upepo na kuuzuia. Kisha akanifundisha kwamba kuna herufi za midomo na herufi za ulimi. Za midomo bado ninazo zote: ma, ba, pa, wa. Za ulimi, yaani ta, sa, la, na, zile zitakuja polepole, na nyingine zitakuja zimechechemea.

Neno langu la kwanza likawa "Mawe." Wageni, msishangae, kwa Kiswahili hayo ni mawe ya kujengea, lakini kwetu ndiyo kumwita mama. Nikasema, "Mawe!" Wodi nzima wakapiga vigelegele, hata mama mmoja aliyekuwa amefungwa mguu juu. Mimi mtu mzima, mwenye watoto, nashangiliwa kwa kusema mama.

Siku ya kuondoka, sista alimwita wifi nje. Niliwaona dirishani. Sista alikuwa anazungumza, kidole kimeinuka, na wifi anaitikia kwa kichwa. Nikadhani anaelezwa habari za dawa.

Tukarudi nyumbani. Sasa, ndugu zangu, nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipotaka kuanguka kabisa, na hakuna aliyenisukuma kwa ubaya. Nilisukumwa na upendo. Nikifungua mdomo nikasema "ma...", mume wangu anaruka, "Maji! Mleteeni mama maji!" Kumbe nilitaka kuuliza matoke yamemenywa? Nakunywa tu hayo maji. Nikisema "mba...", mtoto anaita, "Mbuzi! Mama anauliza mbuzi!" Majirani wakija kunijulia hali wananisemesha kwa sauti kubwa, kana kwamba nimekatwa masikio. Wengine wanamwuliza mume wangu, mimi nimekaa hapo hapo, "Anakula? Analala?" Nikaona kazi yote hii ya nini. Nikawa napiga makofi tu na kuonyesha kidole. Kioo alichonipa sista nikakichomeka kwenye nyasi za paa.

Mtu mmoja tu hakunielewa. Wifi yangu.

Nilikwenda kwake kuomba moto, na kipande cha chungu mkononi cha kubebea makaa. Nikaonyesha jikoni kwake.

"Unataka nini?" akasema.

Nikaonyesha tena.

"Mimi sijui vidole. Sema."

Nikasema "mo-o."

"Sisikii."

"Mo-ho!"

"Mboga?" Akaniletea mboga! Nimeshika kipande cha chungu cheusi kwa makaa, mtu ananiwekea mboga mkononi. Nikarudi nyumbani nikiwa nafoka, nikautafuta moto kwa jirani mwingine. Jirani yule hata sikumwomba, aliona tu chungu.

Kesho yake wifi akaja kwangu, akakaa, akaniuliza mambo ya watoto. Mume wangu akataka kunijibia. Wifi akamkata, "Nimekuuliza wewe? Nenda kafunge ndama." Na kwa kuwa ni dada mkubwa, mume wangu alikwenda kufunga ndama.

Msimu wa senene, wale panzi wetu wa kukaanga, ukafika. Wazee, msinitazame hivyo, zamani wanawake hatukula senene, lakini tangu tubatizwe na sisi tunakula, na tunajua mlitunyima nini. Wifi akakaanga senene zake, harufu ikavuka shamba zima ikanifuata mpaka ndani. Nikaenda. Amekaa na bakuli mapajani. Nikanyosha mkono, akalivuta bakuli.

"Hizi zinaitwaje?"

Nikakusanya nguvu zangu zote, nikasema, "Hehehe."

Akanitazama. "Unacheka nini?"

"Hehehe!"

"Nimesema unacheka nini? Mimi nakula, wewe unacheka."

Akatia moja mdomoni, akatafuna mbele yangu, krrr, krrr. Ndugu zangu, siku ile nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe. Nilirudi nyumbani, nikachomoa kioo paani, nikakaa nyuma ya nyumba kati ya migomba. Se. Se. Hapana, inatoka he. Nikakumbuka sista alisema, ulimi ukishindwa kufika juu, karibisha meno, kaza shavu, toa pumzi nyembamba. Nikafanya hivyo jioni mpaka mbuzi waliporudi. Kwa sababu ya senene! Sikufanya kwa ajili ya afya yangu wala kwa shukrani kwa Mungu, nisiwadanganye. Nilifanya ili nimwonyeshe yule mwanamke.

Nilizipata baadaye. Nilimwendea, nikasema "shenene," akaniwekea viganja viwili vimejaa.

Hata hivyo kwa watu wengine nilikuwa bado bubu. Kwa wifi nagombana, kwa wengine napiga makofi. Ndipo likaja jambo la binti yangu.

Binti yangu wa pili alikuwa anasoma shule ya misheni, na anapenda kitabu kama ndama anavyopenda maziwa. Baba mkwe wangu akaita ukoo. Wakaja shemeji zangu, wakakaa sebuleni juu ya nyasi mpya, wakapewa kahawa. Baba mkwe akasema, na alisema kwa huruma, "Mke wa mwanangu amepata mtihani. Nyumba yenye wageni haiwezi kukaa na mama asiyesema. Tumeona huyu binti aache shule, akae na mama yake, awe mdomo wake. Kusoma ameshasoma kiasi cha kutosha."

Watu wakaitikia, "Ni sawa. Ni vizuri." Mume wangu aliinamisha kichwa. Hakukubali, hakukataa; kumpinga baba yake mbele ya ukoo ni kazi nzito. Binti yangu alikuwa mlangoni na jagi la maziwa. Hakulia. Aliliweka jagi chini polepole sana, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Mimi nikatikisa kichwa. Nikatikisa kwa nguvu.

Shemeji mmoja akasema, "Anakubali, maskini, ameguswa."

Nikatikisa tena. Na hapo wifi, aliyekuwa amekaa ukutani na wanawake, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mimi sijasikia kitu. Naona kichwa kinatikisika. Labda ni nzi."

Watu wakaguna. Kusema hivyo kwa mgonjwa! Baba mkwe akamwambia, "Mwanangu, mwogope Mungu."

"Ninamwogopa, baba. Lakini kama ana neno, na aseme. Kama hana, tumalize tukalime."

Nikasimama. Nikasema, "Bihi yangu a-aho-ma."

"Sisikii," akasema wifi.

Mume wangu akafungua mdomo, "Anasema bin..."

"Sijakuuliza wewe!"

Nikameza mate. Nikakaza shavu, nikakaribisha meno, nikafanya kila kitu nilichofanya nyuma ya nyumba. Nikasema, "Binchi yangu achashoma."

"Bado."

Ndugu zangu, machozi yalikuwa yananitoka, na mate pia, sikuyafuta. Nilimtazama wifi peke yake, kama hakuna mtu mwingine katika nyumba ile. Nikasema neno kwa neno, nikipumua katikati:

"Binti. Yangu. Atasoma. Mdomo ninao."

Baba mkwe wangu alikuwa ameshika punje ya kahawa karibu na mdomo, haendi nayo mbele wala nyuma. Mwishowe akaiweka chini. Akasema, "Tumesikia, mama. Wote tumesikia." Kisha akamgeukia binti yangu pale mlangoni. "Wewe, mbona umesimama? Leta maziwa, halafu ukasome."

Mume wangu akaangua kicheko, kile kicheko cha mtu aliyekuwa amebanwa, na nyumba yote ikacheka.

Wageni walipoondoka nilivuka shamba kwenda kwa wifi. Sikuwa nimemaliza naye. Nilimkuta amekaa kizingitini, nguo amejifunika uso. Nikamwambia, kwa maneno yangu yaliyopinda, "Wewe umenisingizia nzi mbele ya ukoo. Nimekukosea nini? Moto ukaninyima, senene ukaninyima, kila siku husikii, husikii!" Niliendelea, ndugu zangu, niliendelea sana, maneno yaliyokuwa yamejaa tangu hospitali yote yakatoka. Nilipofika mwisho nikagundua kwamba nilikuwa nimesema muda mrefu bila kusimama, na yeye ananitazama, machozi yanamshuka, na anatabasamu.

Akasema, "Pumua."

Nikakaa chini pale pale.

Ndipo akanieleza. "Yule sista aliponiita nje aliniambia hivi: nyumbani watamhurumia, watamsemea, na ulimi utalala. Tafuta mtu mmoja asiyemwelewa. Nikamwambia, mtu huyo ni mimi, sisi hata kabla ya ugonjwa hatukuelewana." Akajifuta. "Unadhani ilikuwa rahisi? Neno 'moto' nililisikia mara ya kwanza. Ulipoondoka na ile mboga niliingia ndani nikalia. Na zile senene siku ile sikuzimaliza. Hazikupita kooni."

Tulikaa pale kizingitini mpaka mume wangu akaja kutuuliza kama nyumba hii leo haili.

Baada ya siku ile sikunyamaza tena. Herufi zilitulia moja moja. "Ta" ilitulia kwanza, "na" ikafuata, "la" na "ra" hazijakaa sawa mpaka leo, mnazisikia wenyewe zinavyoteleza. Sokoni kuna watu hunicheka kidogo, na mimi huwacheka nao, kisha nawauzia maharage. Watoto wa majirani wameanza tena kuja nikiita watoto wangu. Binti yangu sasa yuko shule ya wasichana, anataka kuwa mwalimu, na likizo ananisahihisha Kiswahili bila haya.

Namshukuru Mungu aliyeniacha hai. Namshukuru daktari wa misheni ambaye hakuchelewa kunituma, na daktari wa ng'ambo aliyejua wapi pa kukata na wapi pa kuacha. Namshukuru sista yule, popote alipo, Mungu ampe watoto wasiougua. Namshukuru mume wangu, aliyejifunza kungoja. Ilimchukua muda, maana anapenda kusaidia. Namshukuru baba mkwe, aliyebadili neno lake mbele ya watu, na wanaume wanajua hilo si dogo. Na wifi yangu, yule pale amekaa penye nguzo ya tatu, anatazama chini. Wifi, sitakuita mbele, najua ungenikatalia. Nasema tu wote wasikie: ulimi huu ni wako nusu.

Somo langu ni fupi. Mtu akihangaika na neno, msilimalize kwa niaba yake. Mnadhani mnampa mkono, kumbe mnamnyang'anya. Kaeni. Mngojeni. Neno lake likija limechechemea, lipokeeni hivyo hivyo.

Tunaye mzee wetu mmoja, wengi mnamjua, amepooza upande tangu mvua zilizopita na maneno yamemgomea. Watu wamepunguza kumtembelea kwa sababu hawajui wamsemeshe nini. Mimi nakwenda kwake kesho nikitoka shambani, nitakaa, nitamwuliza habari, na nitangoja jibu hata kahawa ikipoa. Nani anakwenda nami?

Wifi, shusha mkono, wewe nilishakuhesabu. Nawauliza wengine.